Kusemezana na Mwenye Afasia: Maelezo Yahusuyo Jamaa wa Mpanda na Katavi

Mtu mzima anyamazapo ghafla, watu wa nyumbani hutafuta sababu kwa haraka. Wengine husema amekuwa bubu, wengine husema akili imemtoka, na wengine hunong'ona ya kwamba amerogwa. Makala haya yana nia ya kueleza hali moja ambayo huchanganywa na zote hizo, nayo ni afasia. Kisha kuonyesha namna jamaa wa mgonjwa wawezavyo kuendelea kusemezana naye.

Mifano imechukuliwa katika hali ya Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla, kwa sababu mbili. Kwanza, wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno katika Tanzania nzima, na aliye mbali na miji mikubwa hana budi kutegemea watu wa nyumbani mwake. Pili, Katavi ni mahali penye lugha nyingi. Swali la kwamba mgonjwa asemezwe kwa lugha ipi, ambalo katika vitabu vingi vya Ulaya huwekwa pembeni, huko ni swali la kila siku. Tena ni swali ambalo mwanaisimu ana wajibu wa kusaidia kulijibu, maana daktari peke yake hawezi kulimaliza.

I. Afasia ni nini

Neno lenyewe asili yake ni Kiyunani, na maana yake ya awali ni kutokuwa na usemi. Maana hiyo yaweza kumpotosha msomaji. Kinachodhurika katika afasia ni lugha yenyewe: kuteua maneno, kuyapanga, kuyafahamu yasikiwapo, kuyasoma na kuyaandika. Sauti yaweza kuwa nzima na masikio yakawa mazima. Mara nyingi hali hii huletwa na kiharusi, yaani kuzibwa au kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo. Yaweza pia kuletwa na jeraha la kichwa, au uvimbe, au ambukizo la ubongo. Katika watu wapatwao na kiharusi, takriban theluthi moja hupata afasia.

Yapasa kuitenga na hali nyingine zifananazo nayo. Mtu ambaye ulimi na midomo yake imelegea huweza kusema kwa uzito hata asieleweke, lakini akipewa kalamu huandika sawasawa. Huyo lugha yake i salama. Mwenye afasia, kinyume chake, aghalabu hata kuandika humshinda. Ndiyo sababu haifai kumletea ubao wa herufi na kumwambia aonyeshe herufi moja moja, tukidhani ya kwamba tumempatia njia ya mkato. Mlango tumfungulianao unaongoza katika chumba kile kile kilichobomoka.

Elimu ya jambo hili ina umri mrefu. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, «tan», ingawa alifahamu mengi aliyoambiwa. Alipokufa, ubongo wake ulionekana umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza namna nyingine: wagonjwa wasemao kwa wepesi na kwa wingi, lakini maneno yao yamevurugika, na wenyewe hawafahamu vyema waambiwayo. Baadaye, mwaka 1956, mwanaisimu Roman Jakobson aliigawa afasia kwa kufuata kazi mbili za msemaji: kuteua neno miongoni mwa maneno yaliyo jirani kwa maana, na kuunganisha maneno yaliyoteuliwa. Mgonjwa mmoja hudhurika zaidi katika kazi ya kwanza, na mwingine katika ya pili. Mgawanyo huo haumalizi habari yote, lakini wamsaidia mtu wa nyumbani kuona ya kwamba wagonjwa hawafanani, na dawa ya mmoja si lazima imfae mwenziwe.

Kwetu Tanzania kiharusi si ugonjwa wa nadra. Uchunguzi uliofanywa baina ya 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai na katika Dar es Salaam, ukatangazwa mwaka 2010, ulionyesha ya kwamba, baada ya kusawazisha umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa takriban 109 katika kila watu 100,000 huko Hai, na takriban 316 huko Dar es Salaam. Uchunguzi mwingine juu ya imani za watu wa mahali hapo hapo, uliotangazwa mwaka 2008, uliona ya kwamba wengi wa Dar es Salaam walikinasibisha kiharusi na mashetani na uchawi, hali watu wa Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mashaka ya moyo. Imani hizo zina uzito katika jambo letu. Mtu adhaniwaye kuwa amepagawa husemewa, hasemezwi.

Kabla ya kuendelea, neno moja la tahadhari. Uso ukipinda upande, mkono ukilegea, au usemi ukivurugika kwa ghafla, saa hiyo si saa ya mafundisho yaliyomo katika makala haya. Ni saa ya kumkimbiza mgonjwa hospitali bila kungoja asubuhi. Tuyaelezayo hapa ni ya baada ya hapo, wakati mgonjwa amerudi nyumbani, na watu wamemzunguka, na hawajui waanze vipi.

II. Lugha yetu na afasia

Umbo la Kiswahili huipa afasia sura yake. Katika Kiingereza, mgonjwa wa namna ile aliyoieleza Broca huweza kuacha viambishi na kusema mzizi wa kitenzi mtupu. Katika Kiswahili mzizi kama -pik- au -l- hausimami peke yake; hauna budi kuvikwa kiambishi ndipo uwe neno. Kwa hiyo mgonjwa wetu huweza kutamka neno lililotimia kwa umbo, na msikilizaji akadhani hakuna kasoro, kumbe sentensi zake zimekuwa fupi na nyepesi mno kuliko zamani. Watafiti Tom Abuom na Roelien Bastiaanse, katika makala yao ya mwaka 2012 juu ya wagonjwa wasemao Kiswahili na Kiingereza, walionyesha ya kwamba kasi ndogo, vifungu vifupi na miundo miepesi huonekana katika lugha zote mbili.

Kutokana na umbo hilo yafuata mambo matatu ya kumfaa mtu wa nyumbani.

La kwanza ni ukanushi. Katika Kiswahili tofauti baina ya kukubali na kukana mara nyingi imebebwa na sauti ndogo iliyo mwanzoni mwa neno. «Atakuja» na «hatakuja» zatofautiana kwa pumzi moja tu. Sikio zima hulinasa jambo hilo bila taabu. Sikio la mwenye afasia laweza kulipoteza. Basi ukimwambia baba ya kwamba mwanawe hatakuja leo, usiseme neno hilo moja ukaondoka. Tikisa kichwa, kisha sema: «Leo, la. Atakuja kesho.»

La pili ni mpangilio. Sentensi ifuatayo njia ya kawaida, yaani mtenda, kitenzi, mtendwa, ni nyepesi kwa mgonjwa kuliko ile iliyogeuzwa. «Mama amepika ugali» ni bora kuliko «ugali umepikwa na mama», na zote mbili ni bora kuliko «ugali ambao mama aliupika ndio huu». Kauli ya kutendwa na virejeshi ni mapambo ya lugha yetu; kwa mgonjwa ni mzigo.

La tatu ni swali. Kiswahili huweza kugeuza maelezo kuwa swali kwa lafudhi tu: «Umekula» na «Umekula?» Wagonjwa wengi hulifahamu panda-shuka la sauti kuliko maneno yenyewe, kwa hiyo lafudhi na iwe wazi. Hata hivyo si vibaya kutanguliza «je», ili mgonjwa ajue tangu mwanzo ya kwamba anaulizwa.

III. Lugha ipi?

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Rukwa, lakini mchanganyiko wa watu wake ni wa zamani. Kibende, Kipimbwe na Kikonongo ni lugha za wenyeji. Machimbo ya risasi ya Mpanda, pamoja na tawi la reli kutoka Kaliua, yalivuta watu wa makabila mengine katika miaka ya 1950. Kifipa kimeingia kutoka kusini, na Kisukuma kimeletwa na wakulima na wafugaji. Tena wapo Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972 na kupokewa katika makazi ya Katumba, na baadaye Mishamo, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania katika miaka ya 2010. Juu ya lugha hizo zote kimetandazwa Kiswahili, lugha ya shule za msingi, ya soko na ya ofisi.

Sasa tuchukulie mfano wa kubuni. Mzee mmoja alifika Katumba mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 20. Kirundi alikinyonya kwa mamaye. Kiswahili alijifunza ukubwani, akakitumia kwa miaka hamsini kuuza mahindi na kuzungumza na majirani. Wanawe wanajua Kirundi kidogo. Wajukuu wanajua Kiswahili tu. Anapatwa na kiharusi. Je, ni lugha ipi itakayomrudia?

Wanachuoni walijaribu kulijibu swali hili mapema. Théodule Ribot, Mfaransa, alishikilia ya kwamba kilichotangulia kuingia akilini ndicho kidumucho, kwa hiyo lugha ya utotoni ndiyo itakayosalia. Mwaka 1895 Albert Pitres, naye Mfaransa, alisema ya kwamba lugha iliyotumiwa zaidi karibu na siku za ugonjwa ndiyo itangulia kurudi. Michel Paradis wa Kanada, aliyekusanya habari za wagonjwa wengi kuanzia miaka ya 1970, alionyesha ya kwamba kanuni hizo mbili hazitoshi. Mara nyingi lugha zote hudhurika na kurudi kwa kadiri ya pamoja; lakini yatokea pia moja ikatangulia, au moja ikarudi na nyingine isirudi, au mgonjwa akazichanganya pasipo kutaka.

Basi hakuna awezaye kutabiri, na kwa sababu hiyo yafaa kumjaribu mgonjwa katika kila lugha aliyokuwa akiijua. Ikiwa mzee wetu hajibu kitu kwa Kiswahili, na aitwe jirani wa rika lake akae naye na kumsemesha Kirundi. Kama ni bibi Msukuma, na asalimiwe «Mwangaluka» kabla hatujakata tamaa. Mgonjwa akichanganya lugha mbili katika kifungu kimoja, asikatazwe. Neno lililopatikana katika Kirundi ni neno lililopatikana. Na jamaa wampelekapo hospitali, wamweleze mganga waziwazi ni lugha zipi mgonjwa alikuwa akizisema, kwa nani, na kwa kadiri gani. Mgonjwa aliyepimwa kwa Kiswahili peke yake aweza kuandikwa ya kwamba hafahamu kitu, hali anafahamu mengi katika lugha ambayo hakuna aliyemwuliza kwayo.

Hapa pana jambo la kuhuzunisha ambalo hatuna budi kulitaja. Huweza kutokea ya kwamba lugha iliyomrudia mzee ndiyo ile ambayo wajukuu hawakufundishwa. Nyumba imejaa watu, naye yu peke yake. Katika hali hiyo wajukuu wana kazi ya kujifunza maneno ishirini au thelathini ya babu yao: maji, chakula, maumivu, baridi, choo, majina ya ndugu. Kazi hiyo haihitaji chuo. Yahitaji daftari na jirani mmoja mwenye subira.

IV. Adabu ya mazungumzo

Huko Toronto, Kanada, Aura Kagan na wenzake walianzisha njia ya kuwafundisha watu wamzungukao mgonjwa badala ya kumfundisha mgonjwa peke yake, nao wakaieleza katika maandishi ya mwaka 1998 na kuyathibitisha matunda yake mwaka 2001. Msingi wake ni mwepesi: mwenye afasia anajua mengi kuliko awezavyo kusema, na kazi ya mwenziwe ni kumwonyesha ya kwamba hilo linafahamika, kisha kumsaidia kuyatoa. Tukiuhamisha msingi huo katika nyumba za Katavi, twapata adabu zifuatazo.

Kwanza, penye mazungumzo pawe na utulivu. Redio izimwe, na watoto wapelekwe uani kwa muda. Aseme mtu mmoja, akiwa ameketi mbele ya mgonjwa, uso kwa uso, pasipo kupaza sauti. Maana mgonjwa si kiziwi.

Pili, jambo liwe moja kwa wakati mmoja, nalo lionekane kwa macho. Ukisema habari za shamba, shika jembe. Ukisema habari za mtu, onyesha picha yake. Kijiti na mchanga wa uani vyatosha kuchora njia, nyumba, au idadi ya ng'ombe. Kwa ajuaye kusoma, neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa laweza kumsaidia kufuata maana ya maneno yaliyosemwa.

Tatu, mngojee. Mwenye afasia hulitafuta neno kama mtu apapasaye kitu gizani, na kila umkatizapo humlazimu aanze upya. Usimmalizie sentensi isipokuwa amekuomba kwa jicho au kwa mkono. Akisema neno lisilo lake, kwa mfano akisema «kisu» naye ataka kijiko, usimcheke wala usimrudishe kama mwanafunzi. Mpe kijiko, na ulitamke jina lake kwa upole.

Nne, jihadhari na «ndiyo» na «la». Wagonjwa wengine husema moja wakikusudia nyingine. Katika Kiswahili shida hiyo huzidi kwa sababu ya maswali ya kukanusha. Ukimwuliza mtu, «Hujala?» naye akajibu, «Ndiyo», kwa desturi ya lugha yetu maana yake ni kwamba kweli hajala, lakini wapo wengi siku hizi wajibuo kinyume. Wazima wenyewe hutatizwa na jambo hilo. Basi mwenye afasia asiulizwe kwa kukanusha hata kidogo. Aulizwe, «Je, umekula?» kisha, kwa kuhakikisha, «Je, una njaa?» Majibu mawili yakipatana, twaweza kuyategemea. Yasipopatana, na aonyeshe kwa kidole: sahani huku, kikombe kule.

Tano, mkono wa kushoto. Kwa watu walio wengi lugha hukaa katika upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio uongozao mkono wa kulia. Kwa hiyo mwenye afasia mara nyingi amepooza mkono ule ule wa kulia, ambao kwetu ndio mkono wa kula, wa kusalimu na wa kupokelea. Mzee akinyosha mkono wa kushoto, mtu asione ametukanwa, na mtoto asifundishwe kuukataa. Mkono huo umekuwa mkono wake wa adabu na sehemu ya ulimi wake.

V. Salamu, hesabu na nyimbo

Katika karne ya 19 tabibu Mwingereza John Hughlings Jackson alitofautisha usemi unaoundwa upya kwa kusudi na usemi utokao wenyewe kwa mazoea. Huu wa pili mara nyingi husalia. Mgonjwa asiyeweza kutaja jina la mkewe aweza kuhesabu moja hadi kumi, kusali sala aliyoizoea, kuapa, au kuimba wimbo wa ujana wake. Na katika nchi yetu aweza kuitikia salamu: mtoto akisema «Shikamoo», mzee hujibu «Marahaba» kwa uwazi uwashangazao wote.

Jambo hilo lina faida na lina hatari. Hatari yake ni kwamba jamaa wasikiapo «Marahaba» hudhani mgonjwa anasema apendapo na kunyamaza kwa ukaidi. Sivyo, neno hilo limepita njia nyingine. Faida yake ni kwamba salamu humrudishia mgonjwa cheo chake. Kwa hiyo wasiache kumwamkia ati kwa kuwa hasemi. Nyimbo nazo zina nafasi yake: mwaka 1973 waganga wa Boston nchini Marekani walieleza njia ya tiba itumiayo mahadhi kuvuta maneno. Jamaa wasitarajie ya kwamba kuimba pamoja jioni kutamfungua ulimi; lakini ni mazungumzo ambayo mgonjwa huyashiriki kwa ukamilifu, na mazungumzo ya namna hiyo kwake ni machache.

VI. Shauri la mgonjwa

Afasia haiondoi haki ya mtu katika mambo yake. Palipo na shamba la kugawa, ng'ombe wa kuuzwa, au binti wa kuozwa, baraza la ukoo hukaa, na asiyeweza kunena huwekwa kando pasipo mtu kukusudia ubaya. Husemwa mbele yake kana kwamba hayupo. Huenda yeye ndiye ajuaye mpaka wa shamba ulipo na ni nani anayedaiwa. Akiulizwa kwa maswali mafupi, kwa lugha iliyomrudia, kwa kijiti na mchanga, na kila jibu likahakikishwa kwa njia mbili, mara nyingi shauri lake hupatikana. Kikao kitachukua asubuhi nzima badala ya nusu saa, na gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kumzika mtu akili yake angali hai.

Maendeleo ya mgonjwa huwa ya haraka zaidi katika miezi ya kwanza, lakini hayakomi hapo. Wapo waendeleao kupata maneno baada ya miaka. Kwa hiyo jamaa wasimhukumu kwa hali yake ya mwezi wa pili. Kwa upande wetu sisi wa taaluma ya lugha, kazi imesalia. Majaribio ya kupima afasia yaliyoandikwa kwa lugha za Ulaya hayawezi kufasiriwa tu yakatosha. Yahitaji kuundwa upya kwa kufuata ngeli zetu, viambishi vyetu na desturi zetu za kuuliza na kujibu. Na haitoshi kuyaunda kwa Kiswahili peke yake. Anayelala Katumba au Usevya akiwa amebakiwa na Kirundi au Kipimbwe tu anangoja aulizwe kwa lugha hiyo.